Mamba Kabla ya Ziwa

Mamba wa Nile ndiye mla nyama mkubwa kuliko wote katika maji baridi ya Afrika. Dume aliyekomaa hufikia urefu wa mita 4 hadi 5, wachache hupita hapo, na uzito wake unaweza kuzidi kilo 700. Huwinda majini, huota jua ufukweni, hutaga mchangani, na akilazimika hutembea usiku kutoka dimbwi moja hadi jingine. Katika Songwa, kata ya Wilaya ya Kishapu jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, mtu anaweza kuzeeka bila kumwona. Kiangazi udongo mweusi wa mbuga hupasuka, mito hubaki mchanga mtupu, na ng'ombe hunyweshwa kwenye malambo. Ziwa Victoria liko mbali, karibu kilomita mia moja. Hata hivyo historia ya mamba wa kanda hii, kutoka Shinyanga hadi ghuba za Geita, haianzii ziwani. Inaanzia huku kwenye ukavu, kwa sababu mamba wa huku ni wakongwe kuliko ziwa lenyewe.

Ushahidi uko upande wa kusini-magharibi, ukishapita mji wa Shinyanga, katika bonde la mto Manonga. Mto huo hutiririka msimu wa mvua tu, ukielekea nyanda za Wembere na Ziwa Kitangiri; miezi mingine ni njia ya mifugo. Tinde, ambayo wasafiri wengi wanaijua kama njia panda ya kuelekea Nzega na Kahama, ina udongo uliojaa mifupa iliyogeuka mawe. Wanajiolojia wa serikali ya kikoloni waliigundua mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1990 msafara ulioongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York ulirudi kulichunguza bonde zima. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1997. Tabaka za udongo zimepewa majina ya vijiji: Ibole, Tinde, Kiloleli. Umri wake ni kati ya miaka milioni 5.5 na milioni 4. Ndani yake mna viboko wa aina zilizokwisha kutoweka, tembo wa kale, kasa, samaki na mamba. Mahali ambapo leo mfugaji anahesabu siku za kiangazi palikuwa na ziwa pana lisilo na kina kirefu, lenye matope na kingo za nyasi. Ziwa Victoria halikuwapo. Wataalamu wengi hulipa umri wa miaka kama 400,000 tu.

Mamba wa Manonga hawakuacha hadithi ya kutisha. Hadithi hiyo inatoka kaskazini-mashariki, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, katika Bonde la Olduvai. Huko nako palikuwa na ziwa, na hilo lilikuwa gumu zaidi: maji ya magadi, yanayojaa na kupungua, majivu ya volkano yakinyesha kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na chemchemi chache za maji matamu pembezoni. Wanyama wote waliokuwa na kiu walikwenda kwenye chemchemi hizo, na binadamu wa kale wakiwamo. Mwindaji wa majini hakuwa na haja ya kumtafuta mtu. Alikaa pale pale, akangoja.

Mwaka 2010 Christopher Brochu, Mtanzania Jackson Njau, Robert Blumenschine na Llewellyn Densmore walitangaza kwamba mwindaji huyo hakuwa mamba wa Nile wa leo. Alikuwa spishi nyingine, mwenye pua nene zaidi na vinundu viwili vya mfupa vilivyosimama nyuma ya macho kama pembe. Wakampa jina la Kilatini *Crocodylus anthropophagus*, yaani mamba mla watu. Madume yake makubwa yalikadiriwa kufikia mita 7 na nusu. Mtunzi wa hadithi za mazimwi angeambiwa abuni mnyama wa majini mwenye pembe anayewangoja binadamu wa kwanza kando ya ziwa la chumvi, angeogopa kuambiwa ametia chumvi.

Jina hilo halikutolewa kwa mbwembwe. Miaka minne kabla, Njau na Blumenschine walikuwa wamechapisha utafiti juu ya alama ambazo mamba huziacha kwenye mifupa. Waliwapa mamba waliofugwa mizoga, kisha wakaikusanya mifupa iliyobaki na kuichunguza mmoja mmoja. Simba na fisi hutafuna: huguguna ncha za mfupa, huacha michubuko na kingo zilizoliwa. Mamba hatafuni. Taya lake hufunga na kufungua tu, halisagi. Jino lake lina ukingo mkali mbele na nyuma, kwa hiyo linapozama kwenye mfupa huacha kishimo cha mviringo kilichopasuliwa katikati kwa mstari mmoja mwembamba. Vishimo vya namna hiyo vilionekana kwenye mabaki mawili mashuhuri ya Olduvai: wayo unaojulikana kwa alama ya OH 8 na mifupa ya mguu wa chini inayoitwa OH 35, yote ya umri wa takriban miaka milioni 1.8. Wayo ule ni miongoni mwa ushahidi wa kale kwamba viumbe wa jamii yetu walitembea wima kwa miguu miwili. Basi mmoja wao alitembea wima mpaka ukingoni mwa maji, na safari yake ikaishia hapo, au mzoga wake ukaokotwa hapo. Mfupa hausemi kama jino lilimkuta hai.

Mamba mwenye pembe alitoweka. Si babu wa mamba wa Nile, bali ni ndugu wa ukoo tu. Aliyebaki na kulirithi eneo lote ni mamba wa Nile, naye pia amewahi kupoteza makazi yake makubwa. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka likawa uwanda wa nyasi, kisha mvua ziliporudi likajaa upya. Mamba wanaoota jua leo kwenye miamba ya Mwanza na Geita ni wazao wa wahamiaji waliofuata maji.

Uwezo wake wa kuvuka nyakati za namna hiyo umo mwilini. Mamba hategemei chakula kuupasha mwili joto. Hulichota kutoka kwenye jua, na kwa hiyo hula kidogo sana ukilinganisha na ukubwa wake. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila mlo wa maana. Jinsi hali hiyo inavyofanya kazi inaonekana vizuri katika Hifadhi ya Katavi, kusini-magharibi mwa Shinyanga. Mto Katuma unapokauka, kati ya Agosti na Oktoba, mamba huingia kwenye mapango waliyoyachimba kwenye kingo za udongo na kulala humo wamebanana, mmoja juu ya mwingine. Wengine hubaki kwenye matope pamoja na viboko. Hawapigani sana wala hawahangaiki. Mvua ya kwanza ikishuka hutoka. Mtu anayepita juu ya ukingo huo mwezi wa Septemba anaona korongo la vumbi tu, asijue kwamba chini ya soli zake wamelala wanyama wenye uzito wa tani kadhaa kwa pamoja.

Majini mwili huo huo ni mtego. Macho, masikio na tundu za pua vimepangwa juu kabisa ya kichwa, hivyo kilichobaki kinafichwa na kina cha sentimita chache. Kope la tatu, jembamba na angavu, hufunika jicho chini ya maji. Nyuma ya ulimi kuna kifuniko cha nyama kinachofunga koo, ndiyo maana anaweza kufungua kinywa akiwa amezama asinywe maji. Kwenye magamba ya taya kuna vidoa vidogo vyeusi; ni viungo vya hisi vinavyosikia kiwimbi cha ndoo iliyochotwa mita kadhaa mbali, hata gizani. Misuli inayofunga taya ni ya nguvu ya ajabu, lakini ile ya kulifungua ni dhaifu kiasi kwamba kamba ya kawaida humfunga mdomo. Kwa kuwa hatafuni, mawindo makubwa huyakata kwa kuzunguka: hung'ata, hujibiringisha mzima mzima majini, na kipande hukatika.

Jike hutaga mayai 40 hadi 60 kwa kawaida, huyafukia mchangani na kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama watoto watakuwa madume au majike. Adui mkuu wa kiota ni kenge, anayesubiri mama ashuke majini kujipoza, kisha huchimbua na kula. Waswahili wanaosema kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo wanausema ukweli wa kinyumbani kabisa, ila wameupunguza ukali: kenge huyo hakuja kusindikiza. Watoto wanapoanza kulia ndani ya mayai mama hufukua, huwabeba kinywani na kuwashusha majini. Kwa karne nyingi walioliona tendo hilo waliapa kwamba mamba hula wanawe. Ni katika miaka ya 1970 ndipo Anthony Pooley, mhifadhi wa Afrika Kusini, alipoonyesha kwa uchunguzi wa karibu kwamba kinywa kile kilikuwa mbeleko.

Wasukuma humwita ng'wina. Neno hilo ni la kale kuliko makabila yanayolitumia: limo kwa sura ya kwena katika Kitswana, ambako ukoo mzima wa Bakwena umejiita kwa jina la mnyama huyo, na kwa sura ya ingwenya katika Kizulu. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo zinalo ngwena. Mamba, neno lililoshinda pwani na kisha bara, linafanana na magamba. Lakini neno mamba ambalo Wazungu walilichukua kusini mwa Afrika ni la nyoka, na mkanganyiko huo bado unawapata watafsiri wasio makini.

Kuzunguka ziwa hofu ya mamba iliwekwa chini ya utaratibu. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda, alieleza hekalu la mamba kwenye kisiwa cha Damba, ambako kuhani aliyepandwa na pepo alikigeuza kichwa huku na huku na kulifungua na kulifunga taya kama mnyama mwenyewe. Karibu na Entebbe, kati ya miaka ya 1920 na 1940, mamba mzee aliyeitwa Lutembe alikuwa akitoka majini akiitwa kwa jina, akapewa samaki, na watalii wakampiga picha zilizouzwa kama kadi za posta. Wenyeji walisema alianza kazi zamani, enzi za makabaka, wafalme wa Buganda, akiwa mnyongaji. Ghuba ya hapo bado inaitwa Lutembe.

Upande wa kusini, kuanzia Ukerewe hadi Uzinza na pwani ya Geita, imani iliyoshika zaidi ni ya mamba wa kutumwa. Kwa imani hiyo, mamba wa kawaida hana haja na mtu. Anayemkamata mtu ana mwenyewe, aliyemfuga kwa dawa na kumwelekeza kwa jina. Imani hiyo ina mantiki yake. Watu ishirini wanakwenda mwaloni kila asubuhi, anachukuliwa mmoja, na swali la kwa nini huyu halijibiwi na somo la baiolojia. Lakini iligharimu. Katika Kanda ya Ziwa tuhuma za uchawi zimeua watu, vikongwe hasa, na kifo cha majini kilikuwa sababu moja zaidi ya kuanza kuulizana nani ana jicho baya.

Ndugu wa imani hiyo ni ile ya nyongo. Mahali pengi Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Msumbiji mamba akiuawa wazee husimamia ili nyongo ifukiwe au imwagwe mbele ya mashahidi, kwa kuwa inaaminika ni sumu isiyo na dawa. Mtafiti wa Zimbabwe, Nyazema, aliijaribu katika miaka ya 1980 na hakuona sumu hiyo. Januari 2015, katika eneo la Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na kidole kikaelekezwa mara moja kwenye nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha kwamba unga uliotumika ulikuwa umeota bakteria wanaotoa sumu. Habari ya kwanza ilienea dunia nzima. Ya pili iliwafikia wachache.

Wakati wakoloni walipofika ziwani walikuta mazimwi mengine zaidi, na baadhi walijiunga kuyasimulia. Harry Johnston aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 juu ya lukwata, mnyama mkubwa wa ziwani ambaye Waganda walisema anapindua mitumbwi. Mwindaji John Alfred Jordan alidai kumpiga risasi mnyama mwenye magamba na meno marefu katika mto wa Migori, upande wa Kenya. Hadithi yake ikaingia kwenye kitabu cha Mmarekani Edgar Beecher Bronson mwaka 1910 kwa jina la dingonek. Hakuna mfupa wala ngozi ya hao wawili iliyopata kuonekana. Pengine hawakuhitajika, maana mamba wa kweli alikuwa akitosha kazi hiyo.

Aliyembadilisha mamba kutoka zimwi kuwa suala la serikali ni daktari. Malale yalizuka pande za kaskazini za ziwa kuanzia mwaka 1900 na kuua watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache. Wajerumani, waliotawala pwani ya kusini kutoka Mwanza hadi Bukoba, walimtuma Robert Koch, aliyekuwa ametoka tu kupokea Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alipitia Mwanza na kuweka kambi katika visiwa vya Sese. Pamoja na kujaribu dawa ya atoksili, ambayo ilipofusha baadhi ya wagonjwa, alichunguza mbung'o na kukuta wamenyonya damu ya mamba. Aliwaona wakitua juu ya mamba walioota jua na kuingiza mdomo kwenye ngozi laini kati ya magamba. Hitimisho lake lilikuwa la kiofisa: ondoa mamba, haribu mayai yao, na mbung'o atakosa chakula.

Alikuwa sahihi kuhusu damu, akakosea kuhusu ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Cecil Hoare, akifanya kazi Entebbe, alithibitisha kwamba kijidudu kilichokutwa ndani ya mbung'o waliomnyonya mamba ni cha mamba peke yake. Kinamwingia mamba anapommeza mbung'o, na binadamu hakimhusu. Lakini ushauri wa Koch ulikuwa umeshaacha alama: kwa miongo iliyofuata mamba alihesabiwa kuwa mnyama mharibifu, halali kuuawa na yeyote.

Hata hivyo si serikali iliyommaliza. Ni mkoba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ngozi ya mamba ilipanda bei Ulaya na Marekani, na ziwa likajaa wawindaji, wageni kwa wenyeji. Kazi ilifanyika usiku usio na mbalamwezi. Mtumbwi ulisogea polepole kando ya matete, mtu wa mbele akizungusha tochi, mpaka makaa mawili mekundu yakawaka juu ya maji: macho ya mamba hurudisha mwanga. Akimulikwa usoni hupumbazika, na mtumbwi huweza kusogea hadi hatua chache. Risasi ililengwa nyuma ya macho, kisha mkuki wenye kamba ulipigwa haraka kabla hajazama. Alfajiri walichuna. Ngozi ya mgongo, yenye vipande vya mfupa ndani yake, ilitupwa. Iliyotakiwa ni ya tumbo na ubavu tu, iliyo laini na yenye miraba sawasawa. Ilipakwa chumvi, ikakunjwa, ikapimwa upana kwa inchi, na ikaanza safari ya reli kwenda bandarini. Mnyama wa mita nne alitoa kipande kilichobebwa kwapani. Mabaki yaliachiwa korongo na fisi.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 sehemu kubwa ya fukwe za Ziwa Victoria zilikuwa zimebaki bila mamba wakubwa. Hugh Cott, mwanazoolojia wa Uingereza aliyefanya kazi Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha mwaka 1961 utafiti ambao haujapitwa kirahisi hadi leo. Alipasua matumbo ya mamia ya mamba waliouawa na wafanyabiashara na kuorodhesha kilichomo. Watoto wao hula wadudu na vyura. Wa kimo cha kati hula samaki, na miongoni mwa samaki hao ni kambale na kamongo, ambao nao hula samaki wanaotakiwa na mvuvi. Wakubwa tu ndio wanaogeukia wanyama. Cott alionya kwamba anayemuua mamba ili kulinda samaki amekosea hesabu. Onyo lilichelewa, na wakati huo huo sangara alikuwa akiingizwa ziwani, jambo lililobadilisha hesabu yote ya samaki kwa namna ambayo mamba hakuwa na mkono.

Ulinzi ulikuja kwa makaratasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ilitungwa mwaka 1974. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka ulianza kazi Julai 1975, mamba wa Nile akiwa katika orodha yake kali kabisa, na Tanzania ikajiunga mwaka 1979. Mwaka 1985, kwenye mkutano wa Buenos Aires, nchi kadhaa ikiwamo Tanzania ziliruhusiwa tena kuuza ngozi kwa mgawo maalumu wa kila mwaka. Lililofanya kazi zaidi ya makaratasi kwa upande wa Geita ni kisiwa cha Rubondo, kilichotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Uvuvi ulikatazwa kukizunguka, fukwe zake zikabaki na mchanga wa kutagia usiokanyagwa, na mamba wakazaliana bila bughudha.

Walirudi kwenye ziwa ambalo halikuwa lile walilolikimbia. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukivuta maji yake kutoka Ghuba ya Nungwe. Machimbo madogo yalizagaa, biashara ya sangara ilijaza mialo, na watu wakafuata. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.7 katika Mkoa wa Geita. Ile ya 2022 ilihesabu karibu milioni 3. Wengi wa waishio kando ya ziwa hawana bomba. Wanateka maji, wanafua, wanaosha vyombo na kuogesha watoto pale pale, saa zile zile, asubuhi na jioni. Kwa mnyama anayewinda kwa kujifunza ratiba ya mawindo yake, hiyo ni ratiba iliyobandikwa ukutani.

Majina yakaanza tena. Katika kijiji cha Luganga, upande wa Uganda, mamba aliyepewa jina la Osama alikamatwa mwaka 2005 baada ya kusumbua kwa miaka kama kumi na minne. Wanakijiji walihesabu vifo 83. Hakuuawa, alipelekwa kwenye shamba la mamba. Kwenye Ziwa Tanganyika na mto Rusizi, Burundi, mamba mwingine aliyeitwa Gustave alihusishwa na mamia ya vifo. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka na mwaka 2002 akamwekea mtego mkubwa wa chuma, lakini Gustave hakuingia. Hesabu ya Gustave haikaguliki, na pengine imebeba vifo vya vita na vya mamba wengine wasio na jina. Filamu ya Kimarekani ya mwaka 2007 ilimgeuza zimwi kamili, ikafunga duara: mnyama wa kweli akawa wa kubuniwa.

Katika Sengerema, Buchosa na Geita hakuna aliyepata umaarufu huo, ingawa misiba haikosekani. Kanuni za mwaka 2011 ziliipa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari kifuta machozi cha shilingi 1,000,000, jina lililochaguliwa kwa uangalifu ili lisisikike kama fidia. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, huja kuwinda mamba aliyezoea watu, na katika baadhi ya vijiji vya Buchosa imejenga vizimba vya kutekea maji: nguzo zilizosimikwa ndani ya ziwa na kuzungushiwa wavu wa chuma, mlango ukiwa upande wa nchi kavu. Mama huingia na ndoo, huinama, huteka, hutoka. Nje ya wavu maji ni yale yale.

Tatizo la kizimba ni ziwa lenyewe, ambalo halikai mahali pamoja. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilifikia na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, nyumba za mialoni zikaingiwa na maji, na mamba wakaonekana katika mashamba yaliyofurika. Maji yakipanda hivyo mlango wa kizimba huzama. Yakishuka, wavu husimama kwenye tope kavu, na wenye ndoo hutembea hatua kumi mbele yake kuyafuata.